Ngano ya Kale Mbele ya Kamera: Kuitazama Upya Cinderella ya 1965 na Waigizaji Wake

Anayesoma Fasihi Simulizi katika vyuo vyetu hufundishwa mapema kwamba ngano haikamiliki bila mtambaji. Hulikariri jambo hilo na kuliandika vizuri katika karatasi ya mtihani. Kisha, anapoketi kuichambua ngano yenyewe, humsahau mtambaji kabisa. Hutaja dhamira, hubainisha wahusika na mandhari, huorodhesha mafunzo, kana kwamba maneno yale yalijisema yenyewe. Ruth Finnegan aliyateta mazoea haya katika kitabu chake cha 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, naye Isidore Okpewho akasisitiza umuhimu wa utendaji katika kitabu chake cha 1992. Hata hivyo, tahakiki nyingi za wanafunzi wetu hadi leo ni tahakiki za karatasi.

Sababu moja, kwa maoni yangu, ni uhaba wa ushahidi. Tunaambiwa kwamba mtambaji hubadilisha maana ya ngano, lakini ni nadra kuipata ngano moja, yenye nyimbo zile zile, iliyotendwa na watu tofauti katika nyakati tofauti, na kila utendaji ukahifadhiwa ili tuulinganishe na mwingine. Edward Steere alipochapisha ngano za Unguja mwaka wa 1870 alituachia maneno, na tunamshukuru kwa hilo. Sauti, macho na mikono ya waliomsimulia hatunavyo.

Makala haya yanapendekeza ushahidi kutoka mahali ambapo mwanafunzi wa Kiswahili huenda asitazame: tamthilia nyepesi ya kimuziki iliyotungiwa televisheni ya Marekani. Cinderella ya Richard Rodgers na Oscar Hammerstein ndiyo kazi ya pekee ambayo watunzi hao wawili waliitungia televisheni. Ilitendwa mara tatu kwenye chombo hicho, mwaka wa 1957, 1965 na 1997, kila mara kwa waigizaji wapya, na matoleo yote matatu yanaweza kutazamwa leo. Nitalishughulikia zaidi toleo la 1965, ambalo aghalabu wahakiki hulipita haraka wakielekea ama kwa Julie Andrews wa kwanza ama kwa Brandy wa mwisho.

Kisa chenyewe hakihitaji kusimuliwa kwa kirefu. Msichana anafiwa na wazazi, anabaki mikononi mwa mama wa kambo na binti zake wawili, anafanywa mtumishi, anasaidiwa na nguvu za ajabu kuhudhuria dansi ya mwanamfalme, anaacha kiatu nyuma, anatafutwa na kupatikana. Boga, kiatu cha kioo na mama wa ubatizo mwenye nguvu za ajabu vimo katika mkusanyiko wa Mfaransa Charles Perrault wa 1697. Ndugu wa Grimm, Wajerumani, walikuwa na kisa hicho katika mkusanyiko wao wa 1812, lakini kwao msaada unatoka kwenye mti ulioota juu ya kaburi la mama mzazi. Karne nyingi kabla yao, katika karne ya tisa, Duan Chengshi aliandika huko Uchina kisa cha Ye Xian, msichana aliyesaidiwa na mifupa ya samaki. Kwa hiyo tunashughulika na ngano halisi, iliyozunguka dunia muda mrefu kabla ya kamera kubuniwa. (Huyo mama wa ubatizo ni mtihani kwa mfasiri. Ukimwita hivyo, msomaji wa Kenya atafikiria kanisa na mishumaa. Katika ngano zetu nafasi yake aghalabu hushikwa na ajuza anayekutana na msichana njiani. Hapa nitamwita Mama Mlezi.)

Toleo la kwanza lilirushwa na shirika la CBS kutoka New York tarehe 31 Machi 1957, moja kwa moja. Yaani waigizaji walitenda na taifa likatazama papo hapo. Aliyejikwaa alijikwaa mbele ya wote, kama vile mtambaji anayesahau wimbo katikati ya ngano. Ilikadiriwa kwamba watu zaidi ya milioni 100 walitazama, katika nchi iliyokuwa na watu wapatao milioni 170. Ilirushwa kwa rangi, lakini nakala iliyosalia ni ya rangi nyeusi na nyeupe tu.

Julie Andrews alikuwa na umri wa miaka 21, na wakati huo alikuwa akiigiza jukwaani New York kama Eliza Doolittle katika My Fair Lady, muuza maua anayefundishwa matamshi hadi anadhaniwa kuwa binti wa wakubwa. Eliza ni Sinderela wa lugha. Hadhira iliyomjua Andrews kwa uhusika huo ilimwona msichana wa jikoni ikiwa tayari imeshawishika kwamba ndani yake mna mwanamke wa hadhi. Mfalme na malkia nao walikuwa Howard Lindsay na Dorothy Stickney, mume na mke katika maisha halisi, waliokuwa wameigiza pamoja kama mume na mke katika Life with Father, tamthilia iliyodumu miaka mingi jukwaani. Utani wao kuhusu gharama za sherehe uliegemea yale ambayo hadhira iliyajua kuwahusu. Tunapozungumzia maarifa ambayo fanani na hadhira wanayo kwa pamoja, mfano bora kuliko huo ni vigumu kuupata.

Hammerstein alifariki mwaka wa 1960. Rodgers aliporudi kwenye kazi hii alitaka masimulizi yaliyokaribia zaidi ngano ya jadi, na mazungumzo yakaandikwa upya na Joseph Schrank. Toleo hilo, lililoongozwa na Charles S. Dubin, lilirekodiwa kwa rangi kwenye utepe wa video huko Hollywood na kuonyeshwa na CBS tarehe 22 Februari 1965. Likarudiwa mara kadhaa hadi mwaka wa 1974, hivi kwamba kizazi kizima cha watoto wa Marekani kililijua kama tujuavyo sisi ngano za nyanya zetu: kwa kurudiwa.

Lazima nikiri kwamba ukilitazama kwa jicho la leo, mapambo yake yanaonekana wazi kuwa mbao na rangi. Kijiji ni cha studio, mbingu ni za studio. Mwanafunzi aliyezoea filamu za sasa hucheka katika dakika za kwanza. Ningemsihi asiuondoe ucheshi huo haraka, maana una faida. Jukwaa ambalo halijifichi humkumbusha mtazamaji kwamba anatambiwa, wala haombwi kuamini kwamba yuko kijijini. Sisi tuna mwito wetu wa paukwa, ambao kazi yake ni hiyo hiyo: kuwafahamisha wote kwamba kuanzia hapa boga linaweza kuwa gari.

Lesley Ann Warren alikuwa na umri wa miaka 18. Alikuwa amesomea densi na alikuwa ameshaonekana jukwaani New York, lakini watazamaji wengi wa televisheni hawakumjua. Hakuja na kivuli cha Eliza wala cha yeyote. Sauti yake ni nyembamba kuliko ya Andrews na mara nyingine hutetema. Mwenye kutafuta uimbaji bora atamchagua Andrews bila kusita. Hata hivyo, wimbo ule wa msichana aliyeketi peke yake kwenye pembe yake, akijiwazia kuwa hiki na kile, unabadilika kabisa unapoimbwa na sauti isiyojiamini. Andrews anapouimba tunamsikia mtu mwenye akili akijiburudisha. Warren anapouimba tunamsikia mtoto ambaye hana mahali pengine pa kwenda. Mtunzi ni yule yule na muziki ni ule ule. Swali la mtihani linalouliza sifa za mhusika mkuu wa tamthilia hii lingekuwa na majibu mawili tofauti, yote sahihi, kutegemea usiku uliowasha televisheni yako.

Kuna onyesho moja katika toleo hili ambalo nalichukulia kuwa kiini chake, na si dansi wala kiatu. Mwanamfalme yuko safarini, anashikwa na kiu, anasimama kwenye nyumba ya Sinderela na kuomba maji. Msichana anampa. Kwa Perrault hakuna onyesho hilo, lakini msomaji wa ngano zetu atalitambua mara moja. Maji kwa mgeni ni mtihani wa kale. Msichana mwenye adabu humpa maji asiyemjua na hatimaye hupata heri. Yule mwenye kiburi hukataa na kujuta. Kwa nyongeza hiyo ndogo msichana anaacha kuwa mtu wa kupokea tu. Katika masimulizi mengi anayofanyiwa ni mengi kuliko anayofanya: anavalishwa, anapelekwa, anatafutwa. Hapa yeye ndiye anayetoa kwanza, na anatoa akiwa hana kitu. Kuna kinaya pia, kwani mwanamfalme anapokuja kuzunguka na kiatu mkononi, anamtafuta kama mgeni mtu ambaye tayari amekwisha kunywa maji yake.

Mwanamfalme huyo ni Stuart Damon, mrefu, mtanashati, mkakamavu kupita kiasi. Alipewa wimbo wa upweke ambao Rodgers na Hammerstein walikuwa wameutunga kwa ajili ya South Pacific na kuuondoa kabla ya tamthilia hiyo kufunguliwa mwaka wa 1949. Wimbo unamsaidia kidogo. Bado ni mhusika bapa, na sioni kosa katika hilo: mwanamfalme wa ngano ni tuzo zaidi kuliko mtu. Damon baadaye alijulikana mno kama Daktari Alan Quartermaine katika General Hospital, uhusika alioanza kuuigiza mwaka wa 1977 na kuushikilia kwa miongo mitatu. Alifariki mwaka wa 2021.

Wazee wa toleo hili ndio utajiri wake. Malkia ni Ginger Rogers, aliyecheza densi na Fred Astaire katika filamu kumi kati ya 1933 na 1949. Mfalme ni Walter Pidgeon, aliyezaliwa mwaka wa 1897 na aliyekuwa amevuma katika filamu za miaka ya 1940. Hadhira ya 1965 haikuweza kumtazama Rogers katika ukumbi wa dansi bila kuikumbuka miguu yake ya ujanani. Anaketi kama mama anayetaka mwanawe aoe, na kila mtazamaji wa makamo anajua kwamba huyu aliwahi kuwa ndiye anayezungushwa katikati ya ukumbi. Hakuna neno katika mazungumzo linalosema hivyo. Maana hiyo imeletwa na mwili wa mwigizaji, na ingeondoka naye endapo angebadilishwa.

Mama Mlezi ni Celeste Holm. Alikuwa amewahi kuigiza katika Oklahoma!, kazi ya kwanza ya pamoja ya Rodgers na Hammerstein, ilipofunguliwa mwaka wa 1943, na alikuwa na tuzo ya Oscar kwa filamu ya Gentleman's Agreement ya 1947. Anamwigiza mlezi kwa upole na utani, bila vitisho vya mchawi. Katika wimbo wa yasiyowezekana anakuwa mtani wa kila mwenye busara: wajinga wasiosikia hoja, wimbo unadai, ndio wanaoyawezesha mambo hayo kila siku. Ajuza wetu wa njiani hutoa masharti. Holm hatoi masharti mengi. Yeye huuliza maswali na kutabasamu, na msichana mwenyewe ndiye anayelazimika kuamini.

Tukija kwa mama wa kambo, hapa pana jambo zito zaidi ya burudani. Ngano zetu na za wengine zimemtendea mama wa kambo dhuluma ya muda mrefu. Katika darasa lolote la wanafunzi hamsini wamo waliolelewa na mama wa kambo, na wengine wao walilelewa vizuri. Wanaposoma ngano baada ya ngano ambamo yeye ni mchawi, mroho na muuaji, hawana pa kusemea. Matoleo haya matatu yanaonyesha kwamba mhusika huyu hana budi kupita mikononi mwa mwigizaji, na mwigizaji ana hiari. Mwaka wa 1957 Ilka Chase alimfanya mwanamke wa tabaka la juu mwenye maringo, wa kuchekwa. Mwaka wa 1965 Jo Van Fleet, aliyekuwa ameshinda Oscar kwa East of Eden, hakutafuta kicheko. Anazungumza kwa ukavu unaoumiza, na nyumba inakuwa baridi anapoingia. Kwangu huo ndio udhaifu na pia nguvu ya toleo hili. Udhaifu, kwa kuwa unaurudisha ubaguzi ule ule wa jadi. Nguvu, kwa kuwa bila ukavu huo wimbo wa Warren kwenye pembe yake usingekuwa na uzito. Mwaka wa 1997 Bernadette Peters alipewa wimbo wa ziada, uliotoka katika The Boys from Syracuse ya 1938, wa mwanamke aliyekwisha kukata tamaa na mapenzi. Kwa mara ya kwanza mama wa kambo ana historia. Hasamehewi, lakini anaeleweka.

Dada wa kambo wa 1965, Prunella na Esmerelda, waliigizwa na Pat Carroll na Barbara Ruick, na hapo ndipo tamthilia inapokuwa futuhi kamili. Wimbo wao wa malalamiko, unaoimbwa wakati wa dansi, ni hoja ya waliopuuzwa: kwa nini mwanamume amtake msichana laini kama yule badala ya mmoja wao? Tunacheka, na papo hapo tunatambua kwamba swali si la kipumbavu. Ngano nyingi huwachukulia wasio warembo kama wabaya wa moyo. Carroll na Ruick wanaicheza kwa bidii ya watu wanaoamini wanastahili, kwa hiyo kicheko chetu kina mwiba. Ruick alifariki mwaka wa 1974. Carroll aliishi hadi 2022, na watoto wa kizazi kingine wakamjua kwa sauti tu, kama Ursula, mchawi wa baharini katika The Little Mermaid ya 1989. Anayezisikiliza kazi hizo mbili mfululizo atatambua kicheko kimoja.

Toleo la 1997 nitaligusa kwa ufupi, ingawa lina makala yake. Lilirushwa na ABC tarehe 2 Novemba 1997, Whitney Houston akiwa miongoni mwa watayarishaji na pia Mama Mlezi, na Brandy akiwa Sinderela. Watazamaji walikadiriwa kufika milioni 60. Malkia ni Whoopi Goldberg, mwanamke mweusi. Mfalme ni Victor Garber, mzungu. Mwana wao ni Paolo Montalban, mzaliwa wa Manila. Mama wa kambo mzungu ana binti mmoja mzungu na mmoja mweusi. Hakuna mhusika anayeuliza imekuwaje. Wako waliouona mpango huo kuwa kioja. Mimi nauona kuwa uaminifu kwa ngano. Anayesimuliwa kwa mdomo humpa Sinderela sura ya watu anaowajua. Ni vitabu vya picha vilivyotufundisha kwamba nywele zake ni za manjano. Mtoto wa Kenya aliyekuta kitabu hicho darasani alifunzwa bila kuambiwa kwamba bahati ya namna ile ina rangi yake. Matoleo ya 1957 na 1965 hayakuliuliza swali hilo, na hatuwezi kuyatazama upya bila kuliona pengo.

Lesley Ann Warren na Julie Andrews, Sinderela wawili, walikutana hatimaye katika filamu moja, Victor/Victoria ya 1982, na uigizaji wa Warren humo ulimfikisha kwenye uteuzi wa tuzo ya Oscar. Aliyewajua kwa kiatu cha kioo tu atashangaa kuona walikofika, na huko kushangaa kwenyewe kunafaa kuandikiwa insha.

Mhadhiri anayetaka kuutumia ushahidi huu darasani hahitaji saa sita za kutazama. Wimbo mmoja wa pembeni, kwa sauti tatu za Andrews, Warren na Brandy, unatosha kwa kipindi kimoja. Ningependekeza kwanza wanafunzi wasome maneno yake na kuandika sifa za mhusika, kisha wautazame utendaji mmoja mmoja na kusahihisha walichoandika kwa kalamu ya rangi nyingine. Baada ya hapo waende nyumbani wakati wa likizo, watafute ngano moja wanayoijua, na kumwomba mtu wawili tofauti aisimulie: nyanya na shangazi, au fundi wa viatu na mlinzi wa usiku. Kinasa sauti cha simu kinafaa. La muhimu ni kuomba idhini, kuandika tarehe na mahali, na kutomkatiza mtambaji anapocheka.